Wasomaji Wauliza: Peke Yako kwa Pikipiki, Kutoka Mlimani hadi Miji Midogo ya Pwani

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinatoka kwa wasomaji wa Moshi na Arusha wanaotaka kushuka pwani kwa pikipiki, kila mmoja peke yake, wakiwa na hamu ya miji midogo ambayo mabasi ya Dar es Salaam huiacha mbali na barabara kuu. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengine pia watayahitaji. Majina tumeyahifadhi kama waandishi walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na nina pikipiki ya cc 125. Likizo ya Desemba nataka nisafiri peke yangu kwenda Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mikindani, kisha nirudi, yote kwa siku nane. Wenzangu wananicheka kwamba pikipiki hiyo ni ya kubebea abiria tu. Je, inafaa kwa safari hiyo? — Mwalimu, Moshi

Pikipiki yako inafaa, Mwalimu, na hao wanaokucheka waulize ni pikipiki zipi zinazopandisha abiria wawili na mkungu wa ndizi hadi Kibosho kila siku ya soko. Barabara kutoka Himo hadi Segera, na kutoka Segera hadi Tanga, ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na kwa sehemu kubwa unateremka. Injini ya ukubwa huo, ikiwa na oili mpya na cheni iliyokazwa ipasavyo, itakwenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa bila kuteseka. Huo ndio mwendo unaokufaa, kwa sababu vijiji ni vingi, na katika kila kimoja sheria inakutaka ushuke hadi 50. Trafiki wa njia hiyo wanajua vizuri mahali pa kukaa.

Ninachokukatalia ni mpango wenyewe. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350. Kutoka Moshi hadi Mikindani, ukipitia Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukijumlisha kurudi pamoja na michepuko ya kuingia Pangani na Kilwa hutapungukiwa na kilomita 2,300. Zigawe kwa siku nane na utaona kwamba unajitwisha karibu kilomita 290 kila siku, bila hata siku moja ya kuegesha pikipiki na kutembea kwa miguu. Ukisafiri hivyo utaijua Kilwa kama kondakta anavyoijua: kituo cha mafuta, choo, na mahali pa chipsi.

Jambo la pili ni Desemba. Wewe ni mtu wa Moshi, kwa hiyo unajua kwamba katika wiki za kuelekea Krismasi barabara yote kutoka Chalinze hadi Himo hujaa magari ya ndugu zetu wanaorudi nyumbani, wengi wao wakiwa wameendesha usiku kucha, wamechoka na wana haraka. Wao wanapanda wakati wewe unateremka, na kila gari linalolipita jingine mahali pasipofaa linakuja moja kwa moja upande wako. Gari dogo linaweza kubishana kidogo na hali hiyo, lakini pikipiki haiwezi, na lililobaki ni kushuka pembeni kwenye changarawe kwa mwendo ambao hukuuchagua. Aidha, mvua za vuli miaka mingine huwa hazijamalizika kufikia wakati huo.

Nenda katika likizo ya Juni. Masika inakuwa imekwisha, kusi imeanza kuvuma, na joto la Tanga, ambalo mwezi Februari humchosha hata mwenyeji, linakuwa limepungua. Bahari huchafuka zaidi majira hayo, jambo ambalo litamkera anayetaka kwenda visiwani kwa mashua, lakini wewe chombo chako kina magurudumu.

Ondoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi, mara tu kunapopambazuka, ili uwe umeipita Same kabla jua halijakaa utosini. Uwanda wa chini ya milima ya Upare, kuanzia Mwanga kupita Same, Makanya na Hedaru, ni mkavu na wazi, na upepo wake huja kwa ubavu. Pikipiki nyepesi husukumwa nao hadi karibu na mstari wa katikati. Basi linapokupita, kwa nukta moja hukukinga na upepo huo, kisha linapomalizika upepo hukurudia kwa nguvu yote, na hapo ndipo wengi hushtuka na kukaza mikono. Legeza viwiko, punguza mwendo kidogo kabla basi halijakufikia, na ukae katikati ya upande wako wa barabara badala ya ukingoni, ili ubaki na nafasi ya kuyumba.

Usiku wa kwanza lala Mombo au Korogwe. Najua kwamba Tanga inafikika kwa siku moja, na vijana wataniambia waliwahi kufika kabla ya saa tisa. Hata hivyo sehemu ya mwisho, kutoka Segera hadi Tanga kupitia Hale na Muheza, ina vilima, kona, malori na watu wengi kando ya barabara, na sioni sababu ya kuifanya ukiwa umechoka wakati kesho yake asubuhi unaweza kuipita kwa starehe, ukasimama Muheza kununua machungwa. Usiku wa pili uwe Tanga, wa tatu na wa nne Pangani. Siku zikibaki, rudi Segera, shika barabara ya Chalinze, vuka Wami, na Msata uchukue barabara ya lami ya kilomita 64 inayokupeleka Bagamoyo.

Kusini kuachie mwaka mwingine na likizo yake yenyewe. Kilwa Kisiwani peke yake, ambayo pamoja na magofu ya Songo Mnara iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, inadai siku mbili kwa mtu anayeiheshimu. Utakapokwenda, usiende wakati wa masika: mvua na kimbunga Hidaya, Mei 2024, viliikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga na sehemu nyingine, na magari yakakwama siku kadhaa. Mwendesha pikipiki aliyekwama pale hana hata paa la kulalia.

Mhariri, pikipiki yangu hukimbia vizuri sana hapa Arusha. Nilipoteremka kuelekea Tanga, kuanzia Mombo ikaanza kupiga mafyatuko kila nilipoachia mafuta, injini ikawa ya moto kupita kawaida, na vilima vya Muheza vikaishinda. Niliporudi Arusha ikapona yenyewe. Fundi anasema ni mafuta mabaya. — Msomaji, Sakina

Mafuta mabaya yapo, lakini yasingepona kwa kupanda mlima. Naona sababu ni kabureta.

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta haijui kupima hewa. Hutoa mafuta kwa kadiri ya matundu yake na mvutano wa injini. Pikipiki iliyopangwa kwa ajili ya pwani, ikiletwa Arusha, huwa na mafuta mengi kuliko hewa, hivyo hutoa moshi mweusi na kula petroli, na fundi hodari wa huku huirekebisha kwa kupunguza mafuta au kubadilisha jeti, yaani kile kitundu kinachopima mafuta. Ukishuka nayo hadi usawa wa bahari, hewa inakuwa nzito zaidi, mafuta ni yale yale machache, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Mchanganyiko mkavu huchoma kwa joto kali, hufyatua kwenye ekzosi unapoachia mafuta, na hukosa nguvu mlimani, yaani yote matatu uliyoyaandika.

Ushahidi uko kwenye plagi. Ukifika Korogwe, baada ya kuendesha kwa mwendo wa kawaida, zima injini, acha ipoe, kisha ifungue. Ncha yenye rangi ya kahawia iko sawa, yenye masizi meusi makavu ina mafuta mengi, na iliyo nyeupe kama chokaa inakuambia mafuta hayatoshi. Kabla ya kugusa skrubu ya kabureta, ifunge taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike hesabu hiyo mahali, kisha uirudishe ilipokuwa. Ukiharibu, utajua pa kurudi. Kumbuka pia kwamba skrubu hizo ni za aina mbili: katika kabureta nyingine kuilegeza huongeza hewa, katika nyingine huongeza mafuta, na fundi asiyekuambia yako ni ya aina gani usimwachie bisibisi. Tazama vilevile mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa sababu ukiwa na ufa huvuta hewa ya wizi na kuleta dalili hizo hizo, mlimani na pwani.

Mwenye pikipiki ya kisasa isiyo na kabureta, yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta, haya hayamhusu.

Nibebe vifaa gani? Nina begi moja tu. — Fundi seremala, Himo

Tyubu moja ya akiba kwa kila gurudumu, maana ya mbele na ya nyuma hazilingani. Vyuma viwili vya kufungulia tairi, viraka na gundi, pampu ndogo, spana zinazolingana na nati za magurudumu yako, plagi moja, waya wa klachi, kiungo cha cheni, na tochi ya kuvaa kichwani. Waya wa klachi upitishe sambamba na ule unaotumika tangu ukiwa nyumbani, ili ule ukikatika ubadilishe ncha tu. Nguo ni jozi mbili na koti la mvua. Mzigo uwe chini na karibu na mgongo wako. Begi refu lililofungwa juu ya keria ndilo litakaloupa nguvu ule upepo wa Same.

Nimeona picha za vijana wakiendesha pikipiki ufukweni wakati maji yamekupwa. Je, nikifika Ushongo au Bagamoyo naweza kufanya hivyo? — Msomaji, Usa River

Usifanye. Mchanga ulio karibu na maji huonekana mgumu, lakini una mahali palipo laini ambapo gurudumu la mbele huzama ghafla, na maji yanapojaa hayangojei umalize kusukuma. Katika fukwe za wilaya ya Pangani kasa hupanda kutaga mayai, na kiota kilichofukiwa hakionekani na mtu aliye juu ya pikipiki. Zaidi ya hayo ni chumvi, ambayo mtu wa bara huidharau kwa kuwa hajaizoea.

Chumvi haihitaji uingie baharini ili ikupate. Siku mbili za kulala Pangani, huku upepo ukitoka baharini, zinatosha kuifanya cheni iwe na kutu ya rangi ya chungwa asubuhi. Kila jioni ioshe pikipiki kwa maji ya bomba, na uulize kwanza, kwa sababu visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya magadi na utakuwa unaiosha kwa chumvi nyingine. Cheni ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, kisha uipake oili nzito ya gia wakati bado ina uvuguvugu wa safari ili oili ipenye kwenye viungo. Vituo vya betri na viunganishi vya waya vipake grisi kabla hujatoka nyumbani. Spoki nazo zitazamwe, hasa pale zinapoingia kwenye ringi, kwa maana hapo ndipo kutu huanzia bila mtu kujua.

Rafiki yangu aliyefika Pangani ananiambia mji huo humalizika kwa saa moja na hauna kitu. Je, nipoteze siku mbili kwa ajili yake? — Mfanyabiashara, Kaloleni, Arusha

Rafiki yako alifika Pangani kwa gari, nadhani, saa sita mchana, akatafuta mahali pa kula, akaondoka. Mtu wa Arusha au Moshi ana haki ya kuuangalia mji ule kwa jicho la ndugu, na nitaeleza kwa nini.

Maji yanayopita mbele ya Pangani yametoka kwetu. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya upande wa kusini wa Kilimanjaro, Ruvu huleta ya upande wa mashariki na ya ziwa Jipe, na mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo utaliacha upande wako wa kulia ukiwa Mwanga. Kutoka hapo mto unaitwa Pangani na unakusindikiza kwa mbali chini ya Upare na Usambara. Katika maporomoko ya Hale umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1964. Upande wa pili inakusindikiza reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kabla ya reli hiyo, njia ya watu ilikuwa bonde la mto: misafara ya karne ya 19 iliyofika Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu ilianzia Pangani, na huko ndiko iliporudi na mizigo yake na watumwa wake. Kwa hiyo unaposhuka kwa pikipiki unafuata barabara ya zamani kuliko lami, kwa mwelekeo ule ule pembe zilikoelekea.

Mjini kwenyewe, tembea kwenye barabara ya kando ya mto uone boma na nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zikiwa zimebomoka hadi ukaona matumbawe ndani ya kuta. Hapa, mwaka 1888, ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa katika bonde hili, alipoongoza watu wa mrima kuikataa kampuni ya Wajerumani iliyokuja kupandisha bendera yake na kudai ushuru, na hapa ndipo aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Vitabu vya shule huyataja mambo haya kwa sentensi mbili. Ukiyafikiria ukiwa umesimama ukingoni mwa mto uliokuwa bandari yake, yana uzito mwingine.

Usiyapite Tongoni. Magofu yake yako kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, yapata kilomita 20 kutoka Tanga, nayo ni msikiti pamoja na makaburi zaidi ya ishirini, mengi yakiwa na nguzo, ya wakati ambapo pwani ilifanya biashara na Uajemi, Bara Hindi na China. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye miamba ya bahari ya eneo hilo, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake mojawapo alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, kwa sababu hakubakiwa na mabaharia wa kuiendesha. Egesha pikipiki kivulini, lipa kiingilio, na umwombe mtunzaji akuzungushe. Wewe uliye peke yako utasikilizwa maswali yako kwa subira ambayo kundi la basi haliwezi kuipata.

Baada ya hapo ni mambo ya kila siku. Alfajiri nenda mahali samaki wanaposhushwa. Saa za joto lala, kama wenyeji. Jioni tafuta baraza lenye kahawa ya vikombe vidogo na kashata, usalimie waliokutangulia, ukae. Pikipiki yenye vumbi la Same itakuletea maswali yenyewe, na mzee mmoja hakosekani aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge pamoja na watu wa kwenu. Mambo hayo hayatokei kwa saa moja, na ndiyo maana naandika siku mbili.

Bagamoyo ina historia kubwa kuliko Pangani, ina magofu ya Kaole na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na inastahili kuonwa. Lakini mwisho wa juma hujaa watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo ipange katikati ya wiki.

Kwenye ramani naona njia inayotoka Pangani, inavuka mto, inapita Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo. Ni fupi sana kuliko kurudi Segera. Kwa nini watu hawaipendekezi? — Msomaji, Ngaramtoni

Kwa sababu inapita katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kanuni za hifadhi zetu za taifa haziruhusu pikipiki kuingia kutembea katikati ya wanyama. Tembo, nyati na simba wa Saadani hawajui kwamba wewe unaelekea Bagamoyo tu. Serikali imekuwa ikiijenga kwa awamu barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja kubwa la kuvuka mto Pangani mahali ambapo kwa miaka mingi watu wamevushwa na kivuko kwenda Bweni. Kazi kama hiyo huacha nyuma yake michepuko, vifusi na tope jekundu linaloteleza vibaya baada ya manyunyu. Ukiwa Tanga, ulizia kwa madereva wa malori ya ujenzi hali ya wiki hiyo, usitegemee habari za mtu aliyepita mwaka uliopita.

Vuka mto kwa matembezi ya nusu siku, ufike Ushongo, uoge baharini, urudi kulala Pangani. Kwenye kichanga cha njia hiyo punguza upepo wa matairi kidogo, kaa nyuma kwenye kiti, tazama mbali, na usiguse breki ya mbele. Gurudumu likiyumba liache liyumbe, mradi unaendelea kutoa mafuta. Kwenda Bagamoyo rudi Segera. Ni mbali zaidi, lakini jioni utakuwa umefika.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, muuguzi hapa Moshi, na pikipiki ninaiendesha kila siku kwenda kazini. Nimeomba likizo nishuke Tanga na Pangani peke yangu, lakini mama anasema jambo hilo halijawahi kufanyika kwetu na hataki kulisikia. Nifanyeje? — Binti, Soweto, Moshi

Marahaba, mwanangu. Mama yako usimshinde kwa maneno. Mpe mambo ya kushika. Mwandikie kwenye karatasi utalala wapi kila usiku, pamoja na namba ya simu ya gesti, na mkubaliane saa moja ya kupiga simu kila jioni. Kisha, jambo ambalo vijana hulisahau siku ya pili tu, upige. Kabla ya hapo fanya safari ya majaribio: nenda Same asubuhi na urudi jioni, na safari nyingine nenda Mombo, upande Lushoto, ulale, urudi. Mama aliyekuona ukirudi mzima mara mbili husema mengine.

Kuhusu hofu yenyewe, kwa maoni yangu hatari kubwa ya njia hiyo ni ile ile kwa mwanamume na kwa mwanamke: magari makubwa, na giza. Usiendeshe baada ya jua kuzama kwa sababu yoyote ile. Uwe umefika unakolala saa kumi alasiri, muda ambao unaruhusu kuikataa gesti ya kwanza na kutafuta ya pili. Chagua yenye ua, geti na mlinzi, omba kuona chumba kabla ya kulipa, jaribu komeo kwa mkono wako, na uulize kama pikipiki italala ndani ya ua. Wakikuambia iachwe nje na itakuwa salama, nenda kwingine.

Anayekuuliza njiani kama uko peke yako hana haki ya kujibiwa ukweli wote. Mwambie ndugu zako wanakusubiri mbele. Ukipata pancha mahali ambapo huwezi kuiziba, mpigie mwenye gesti uliyolala jana, au simama kwenye kituo cha bodaboda kilicho karibu. Wale vijana wanamjua kila fundi wa eneo lao, na mtu anayeendesha pikipiki kama wao humchukulia kuwa mwenzao.

Miji ya pwani ni ya Waislamu kwa wingi na ina heshima zake. Beba khanga mbili, ukishavua koti la safari ujifunge, na utaona jinsi akina mama watakavyokufungulia milango. Waamkie wakubwa kabla ya kuuliza njia. Ukienda mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa mchana fanyia chumbani, kisha wakati wa futari huenda usilazimike kununua chakula. Mavazi ya barabarani ni kofia ngumu yenye kioo cha mbele, koti la mikono mirefu, glovu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na kizibao kinachoakisi mwanga hata mchana, kwa kuwa dereva wa lori aliyetazamana na jua la asubuhi anahitaji kusaidiwa kukuona. Joto litakukera ukifika Korogwe. Usivue hata hivyo. Wewe ni muuguzi, na unajua jinsi vidonda vya lami vinavyokuwa usiku wa Jumamosi.

Tanga ni karibu na Kenya. Naweza kupitiliza hadi Vanga na Shimoni kwa pikipiki? — Msomaji, Majengo, Moshi

Unaweza. Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni lami, kilomita zipatazo 65, na mapango ya Amboni yako njiani, muda mfupi tu baada ya kutoka mjini. Upande wa pili ni Lunga Lunga, ambako njia ya kwenda Vanga hutokea kulia kuelekea baharini, na Shimoni iko mbele zaidi. Uwe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, leseni yenye daraja la pikipiki, na kadi ya pikipiki yenye jina lako. Ikiwa na jina la mtu mwingine, pata kwanza barua yake ya idhini iliyothibitishwa na wakili. Bima yako ya ndani huishia mpakani, kwa hiyo ulizia kwa wakala wako wa bima kadi ya njano ya COMESA, yaani bima inayotambuliwa nje ya nchi, ukiwa bado Moshi, na ulipie siku zinazozidi kidogo zile ulizopanga, kwa sababu mvuvi wa Shimoni akikualika kwenda kuona kisiwa cha Wasini, kesho yake hutakuwa mpakani.